Mbung'o wa Miguu Myeupe

Kambi ya Utafiti, Olbalbal
4 Julai 1981

Mpendwa baba mdogo Thomasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta mmeshamaliza kuvuna mahindi na hakuna anayeumwa. Mimi sijambo, ila midomo imepasuka kwa upepo na vumbi la huku, na nywele nimezifunga kitambaa kama mama wa sokoni. Mpe mama mdogo Lusia shikamoo yangu, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Barua nampa Eliamani, yule dereva Mchaga wa lori la mahindi, maana gari letu halina dizeli tangu wiki iliyopita.

Nina habari ya kukufurahisha. Ofisi imenipa kazi ya kurudia upimaji ulioufanya wewe mwaka 1972, na wamenikabidhi sanduku lako lenyewe la mbung'o. Nilipofunua nikaona zile lebo ndogo chini ya kila pini, na mwandiko wako uliosimama wima kama askari, nilijiona mkubwa mbele ya wenzangu. Niliwaambia huyu ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa darasa la nne, ukaniwekea mbung'o mfu kiganjani, ukasema nisitazame ukubwa wala rangi, nitazame vitu vitatu: mdomo ulioelekezwa mbele, mabawa yanayolaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa, na katikati ya bawa kile kichumba chenye umbo la shoka. Shoka lisipokuwepo, huyo ni nzi mwingine hata akiuma namna gani. Chuoni walinifundisha hayohayo kwa Kiingereza, muhula mzima.

Sasa shida yangu. Lebo zako zinasema kwenye Korongo la Oloirien, lile lenye chemchemi, ulikamata mbung'o thelathini na wawili. Mimi nimetembea humo wiki tatu na ng'ombe wa chambo na kitambaa cheusi, nikisimama kila hatua mia mbili kama inavyotakiwa. Nimepata wale nzi wa kawaida wa bomani, wenye mdomo mbele lakini wasio na shoka. Mbung'o hata mmoja. Labda nasimama pabaya. Wewe ulianzia upande gani?

Nauliza kwa sababu watu wanasubiri. Korongo lilifungwa kwa mifugo kwa sababu ya upimaji wako, ng'ombe wasipate nagana ya mbung'o, na mzee Kasaine, mfugaji wa hapa, huja kila asubuhi kuniuliza kama nimewaona. Anakukumbuka. Anasema ulilala kwake mwaka 1971 ulipokuja kupanga vituo, na kwamba unapenda maziwa kuliko Mmasai.

Mwanao,
Leonida


Ganako
2 Agosti 1981

Mwanangu Leonida,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya grisi, Eliamani anajua kusafirisha mahindi tu. Sisi wazima. Maharage yametoka vizuri upande wa juu, upande wa chini yameliwa na mbuzi wa jirani, na kesi iko kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye ni shemeji yake huyo jirani, kwa hiyo hukumu naijua tayari. Sabuni hakuna dukani mwezi wa pili huu. Mama mdogo wako anafulia majani na anasema nguo zimekuwa safi kuliko za matajiri. Mguu wangu unauma asubuhi, jioni unasahau. Padre alipita kigangoni Jumapili iliyopita, wakanichagua tena kuwa mwenyekiti. Nilikataa kidogo tu.

Tumefurahi kwamba kazi inaendelea. Vaa soksi nzito, huko kuna miiba.

Kuhusu swali lako, mwanangu, miaka tisa ni mingi na kichwa changu siku hizi hakishiki. Mbung'o si mti, huhama. Vichaka vikikatwa au wanyama wakiondoka, nao huondoka. Usijichoshe kutafuta nilianzia wapi. Na sanduku hilo usilifungue mara kwa mara, wadudu wakavu huvunjika miguu.

Kasaine msalimie. Au acha, atakuanzishia maneno marefu.

Ni mimi baba yako mdogo,
Thomasi


Kambi ya Utafiti, Olbalbal
23 Agosti 1981

Mpendwa baba mdogo,

Shikamoo. Pole kwa maharage na pole kwa mguu, na hongera ya kigango. Mimi nilikuwa na homa siku nne, imekwisha. Maji ya kambi tunaletewa kwa pipa kutoka juu, na tunanawa uso kwa kikombe kimoja.

Nimelifungua sanduku. Nisamehe. Nilikuwa mwangalifu, nikatumia kibanio na lenzi.

Mbung'o uliowakamata upande wa Serengeti, wale wa safu mbili za juu, wana ncha nyeusi kwenye pingili mbili za mwisho za miguu ya mbele na ya kati, na mikanda ya tumboni imekatwa wazi. Ndivyo inavyotakiwa, hao ni wa nchi kavu ya migunga. Lakini wale thelathini na wawili wa Oloirien miguu yao ya mbele na ya kati ni myeupe mpaka mwisho. Niliwatazama mmoja mmoja, nikamaliza, nikarudia. Wote wana shoka, wote ni mbung'o kweli, ila ni wa kabila lingine. Hao hukaa kwenye kichaka kizito chenye unyevu, kama kule chini ya ukuta wa bonde karibu na Manyara. Oloirien hakuna hata kivuli cha kumfunika sungura.

Nimejiambia labda lebo zilichanganyika. Labda mwenzako alikuazima pini zake. Niambie tu ilivyokuwa, nitajua la kuandika.

Nakueleza na hili, sijui kama ulipata kulisikia. Baada ya korongo kufungwa, Kasaine na wenzake walikuwa wakivusha ng'ombe uwanda wote wa Olbalbal wakati wa kiangazi kwenda kutafuta maji upande wa pili. Ukame ulipokuja, alipoteza arobaini na mmoja njiani. Wanawe wawili wakaenda mjini kulinda maduka ya watu. Alinionyesha mifupa ilipo. Hakusema kwa hasira, alinionyesha tu kama mtu anayekuelekeza njia.

Leonida


Ganako
11 Oktoba 1981

Leonida,

Salamu zako nimezipata. Tuko wazima. Mvua za vuli bado. Kesi ya mbuzi nimeshindwa.

Barua yako niliipokea mwezi uliopita, na sikujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Mimi nilishika mbung'o miaka kumi na minne kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Mtoto hamkagui babaye mifuko. Kama chuo kimekufundisha hivyo, kimekufundisha vibaya.

Andika walikuwepo wakahama. Hakuna atakayeumia. Korongo litafunguliwa, huyo mzee atapata maji yake, na wewe utapata cheo. Mama mdogo wako hajui lolote kuhusu barua hizi na asijue.

Thomasi


Kambi ya Utafiti, Olbalbal
8 Novemba 1981

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini mvua imewafikia. Huku imenyesha mara mbili, uwanda umeanza kuota kijani.

Nimeandika kama ulivyosema. "Mbung'o walioripotiwa mwaka 1972 hawapo tena, inaonekana wamehama." Sentensi moja, ilinichukua siku tatu. Wale wa miguu myeupe nimewafunika kwa karatasi na sanduku nimelirudisha ofisini. Bwana mkubwa hakulifunua. Alisema kazi nzuri.

Korongo limefunguliwa tarehe 30. Ng'ombe waliteremka chemchemini wanasukumana, na wanawake waliimba. Kasaine alinishika kichwa akanibariki. Nilisimama nikibarikiwa huku najijua. Alitaka kujua kwa nini mbung'o wamekwenda, nikamwambia pengine ni kwa sababu waligunduliwa mapema na kudhibitiwa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nataka kukupamba. Basi naye akaniambia kumbe yule mzee wa Ganako ndiye wa kushukuriwa.

Naona aibu, baba mdogo. Sina neno lingine. Mwezi ujao nahamia ofisi ya Arusha, andika kwa anwani ya huko. Niandikie kitu, hata habari za mbuzi.

Leonida


Ganako
3 Januari 1982

Mwanangu Leonida,

Heri ya mwaka mpya. Mama mdogo wako anakusalimia, amekuwekea mbegu za maboga kwenye kopo. Mahindi yamefika magotini. Hizi ndizo habari, na kuanzia hapa usimsomee mtu mwingine.

Siku mbili baada ya Krismasi walikuja vijana wawili wa Kimasai mpaka mlangoni kwangu, na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye bega. Walisema baba yao Kasaine ananishukuru kwa kuwaona mbung'o mapema. Walitembea naye siku mbili, wakakataa hata chai, wakaondoka. Majirani walitoka kutazama. Balozi, yule yule, alinipa mkono. Lusia alimchunga yule mnyama kwa macho akasema, "Thomasi, kumbe kazi yako ilikuwa na maana." Niliwaacha hapo, nikaenda nyuma ya nyumba.

Sikufika Oloirien mwaka 1972. Hata siku moja.

Wewe ulikuwa shuleni, labda hukuambiwa. Mwezi wa tano mwaka ule alifariki mtoto wetu, Germana. Alikuwa na miezi minane, bado ananyonya. Unajua mila ya kwetu mtoto wa ziwa akifa: baba na mama huingia metimani. Mnakaa peke yenu. Hamwingii nyumba ya mtu, hamchoti maji na wengine, hamsogelei ng'ombe wa mtu, maana msiba ule unaweza kushika wengine. Mimi nilikuwa Mkristo wa mbele kabisa, nimesimama kigangoni nikawaambia watu kwamba metimani ni giza la zamani. Alipokufa wangu, niliingia. Sikulazimishwa na yeyote. Niliogopa.

Ofisi ilinipa siku tatu za msiba. Baada ya hapo ilikuwa niende Olbalbal, nilale kwa Kasaine, nitumie ng'ombe wake kuwa chambo. Ningemwambia nini bwana mkubwa? Kwamba mimi mtaalamu, mwenyekiti wa kigango, siwezi kupita karibu na zizi la mtu kwa sababu mtoto wangu amekufa? Nilichukua wavu nikashuka kwenye kichaka cha chini ya ukuta wa bonde, mahali pasipo na watu wala mifugo. Nilifanya kazi huko wiki sita, nikirudi nyumbani Jumamosi kwa Lusia. Kwenye lebo niliandika Oloirien.

Utauliza kwa nini sikuacha fomu tupu. Fomu tupu huulizwa. Wangetuma mtu aende kuhakiki. Fomu yenye mbung'o haiulizwi, kwa sababu kila mtu anaona wamo kwenye sanduku. Na kweli sikuwatazama miguu. Nilitazama shoka tu, nikapiga pini.

Niliogopa kumpelekea Kasaine msiba kwa miguu yangu, nikampelekea kwa kalamu. Wale arobaini na mmoja sikuwajua mpaka uliponiandikia. Lakini kwamba korongo limefungwa nilijua. Nilijua mwaka uleule, nikanyamaza miaka tisa.

Mtamba yuko nje sasa hivi, anakula majani ya Lusia. Nitamrudisha. Nitasema.

Thomasi


Arusha
20 Januari 1982

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naandika upesi ili barua ikuwahi kabla hujaondoka.

Nakuomba usiende. Ukimwambia Kasaine, yeye atakwenda ofisini, na ofisini watafungua sanduku na kusoma ripoti yangu. Wewe ulishastaafu. Mimi ndiye niliyeweka sahihi mwezi wa kumi huku naijua miguu ile. Nitafukuzwa, na mama ananitegemea tangu baba afariki. Maji wameshapata. Nani atanywa zaidi kwa sisi kusema?

Mtamba mfuge tu, au mpe padre. Najua naongea maneno mabaya. Nisamehe, na usiende.

Leonida


Ganako
14 Machi 1982

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta. Niliisoma mara mbili nikaiweka chini ya godoro, kisha nikaenda. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianze na nani.

Eliamani alitupakia mimi na mtamba mpaka juu ya kreta, hapo ukungu ni mzito hata pembe zake sizioni. Tukateremka Olbalbal kwa miguu. Kasaine amezeeka. Alifurahi, akafikiri nimekuja kushukuru, akaagiza maziwa. Nilimwambia nisipewe kwanza. Nikasema yote. Mwanawe Saruni, mmoja wa wale walinzi wa mjini, amerudi tangu korongo lifunguliwe, ndiye aliyetafsiri. Nilipomaliza Kasaine aliita wanaume wa boma, akasema, "Sema tena. Wasikie hawa." Nikasema tena. Mara ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unajua neno gani linafuata.

Kijana mmoja alisimama na fimbo, wakamketisha. Kasaine akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Kwa nini hapana niambia mimi? Ungesema mtoto amekufa, ningekaa mbali na wewe mpaka iishe. Sisi pia watoto wetu wanakufa."

Nilimpa kamba ya mtamba. Alikataa. Alisema ng'ombe aliyemtoa kwa mkono wake harudi bomani, lakini mimi si wa kushukuriwa, kwa hiyo si wangu. "Mpelekee mama ya huyo mtoto. Wewe utachunga tu." Asubuhi hakutoka kuniaga. Saruni alinionyesha njia, naye hakunipa mkono.

Basi ilinibidi nimweleze Lusia kwa nini mtamba amerudi na kwa nini ni wake. Miaka tisa aliamini kwamba ofisi ndiyo iliyonipanga kule kichakani. Nilimweleza tukiwa jikoni. Aliacha kumenya. Akasema, "Wakati ule tulikuwa watu wawili tu duniani, Thomasi. Hata moto tulikuwa na wetu peke yetu. Na bado ulipata mtu wa kumficha." Tangu siku hiyo ananipa chakula na hanipi neno. Mtamba amempa jina, mimi hajaniambia ni jina gani.

Humu ndani kuna barua yangu ya kwenda ofisini. Nimeandika makosa yangu yote, na kichaka nilichokuwa, na tarehe. La kwako sikuligusa. Sikuipeleka moja kwa moja, nimekupa wewe uifikishe, uwe na nafasi ya kusema lako kabla hujaulizwa. Ukiichana sitajua, na Kasaine hatakwenda ofisini, amesema hana safari ya kwenda kusikia karatasi nyingine. Utajijua mwenyewe.

Thomasi


Arusha
2 Aprili 1982

Baba mdogo,

Shikamoo, na shikamoo ya mama mdogo, kama ataipokea.

Nilikaa na barua yako siku tisa, nikaandika na yangu. Juzi nilizipeleka zote mbili, yako juu na yangu chini. Bwana mkubwa alileta sanduku, akavaa miwani, akawatazama wale wa miguu myeupe, kisha akanitazama mimi. Nimesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Lebo za Oloirien zitaondolewa kwenye ramani na kwenye kitabu.

Halafu akaniuliza, metimani ni nini. Nikaanza kumweleza nikashindwa, na sababu yake ndiyo ninayoiandika hapa, maana wewe umesema yako yote na mimi bado.

Umeandika kwamba labda sikuambiwa. Niliambiwa. Nilikuja likizo mwezi wa sita mwaka ule, nina miaka kumi na sita, na mama akanionya nisipite kwenu. Nyumba yenu iko kwenye njia ya chini, ya kwenda kisimani. Mwezi mzima nilipita njia ya juu. Siku moja nilimwona mama mdogo kule chini amesimama kwenye ua, peke yake, ananitazama. Yeye ndiye aliyenisuka nywele tangu nikiwa mdogo. Alininyooshea mkono kidogo, hivi, hakuita. Nikageuza uso nikaongeza mwendo. Na Germana nilikuwa nimembeba mgongoni Pasaka ile, na sijapata kusema pole kwa yeyote kati yenu mpaka leo.

Nakuja Jumamosi na basi la mchana. Usinipokee. Mwambie mama mdogo tu kwamba nitapita njia ya chini, na kama hataki kufungua, nitasimama pale uani.

Leonida